Sindano Katika Mkono Ulio Huru

Masomo: Kutoka 35:30 hadi 36:7, Kumbukumbu la Torati 5:12–15, Matendo ya Mitume 9:36–43



Liko swali moja ambalo limekuwa likizunguka miongoni mwa akina mama wa kanisa letu, na kwa kuwa limefika hata kwetu sisi wazee tuliostaafu, tumeona afadhali tulijibu hapa, ili kila mmoja asome na apime mwenyewe. Swali ni hili: Je, yafaa Mkristo akae saa nzima na kitambaa na sindano, akitarizi maua ambayo hayauzi wala hayahitaji sana, ila aona raha tu kuyatarizi? Au wakati huo ni wakati uliopotea, ambao siku moja ataulizwa habari zake?

Huenda msomaji akacheka, akaona kwamba swali ni dogo kama tundu la sindano yenyewe. Lakini sisi tumeona watu wakiumia kwa jambo hili. Wako akina mama wanaoficha kazi yao chini ya mto mtu apigapo hodi, kana kwamba wameiba. Wako waliokwisha kuulizwa na waume zao au na mama wakwe, "Hiyo utauza shilingi ngapi?" na waliposema kwamba hawauzi, wakaambiwa kuwa wamekosa la kufanya. Tena wako vijana wasemao kwamba mashine huko mjini hutoa ua kama lile kwa dakika chache, basi kuna haja gani ya kujichoma vidole? Kwa hiyo, ndugu wapendwa, swali hili limepita mipaka ya kitambaa. Kinachoulizwa ni kama mwanadamu anayo ruhusa mbele za Mungu ya kufurahia jambo lisilomletea faida. Hilo si swali dogo, wala hapa Unguja halikupata kuwa dogo.

Kazi yenyewe

Kwanza na tuitazame kazi, maana wengi huisema bila kuijua. Mtu huchukua kipande cha bafta, akakichora kwa kalamu ya risasi, akakikaza katika duara la mti ili kisilegee. Huvaa kastabini kidoleni, hutunga uzi, akaanza. Sindano yashuka na kupanda, yashuka na kupanda. Kwa saa moja atapata jani moja, labda na nusu ya jani la pili. Uzi ukivutwa mno nguo hujikunja. Ukilegezwa mno mshono huning'inia. Hakuna njia ya mkato. Na fundi akitaka kujua kama kazi ni njema, hatazami mbele tu, hugeuza nyuma, akaona kama mafundo yamefichwa na kama uzi haukurukaruka ovyo kutoka ua hata ua.

Majirani zetu Waislamu waijua kazi hii pengine kuliko sisi. Tazameni kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono. Ni nguo mbili nyeupe zilizowekwa pamoja, duara la juu na ukingo wa pembeni, na juu yake vitundu vidogo sana vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja, mpaka nakshi yote itokee. Kofia moja yaweza kuchukua majuma mengi, hata miezi. Wanaume kwa wanawake huishona, wengine barazani wakizungumza, wengine ndani baada ya kazi za shamba. Ni kweli kofia nyingi huuzwa. Lakini mwulize mshonaji kwa nini alitoboa vitundu vingi kuliko alivyolipwa. Atakuambia kwamba nakshi ilidai hivyo.

Tulipokuwa tukifundisha katika chuo cha ualimu, kila mwanafunzi wa sayansi kimu alitakiwa kutoa kitambaa cha mishono: mshono wa mnyororo, mshono wa msalaba, tundu la kifungo, pindo. Kitambaa kile kilipewa maksi. Wengi walikishona vizuri sana, na siku mtihani ulipokwisha wakaiweka sindano chini, wasiishike tena. Lakini kila mwaka walikuwapo wawili watatu ambao baada ya mtihani ndipo walipoanza. Jioni uliwakuta wamekaa chini ya mwembe, wanatarizi jambo ambalo hakuna mwalimu aliyewaagiza. Wala hao hawakuwa siku zote wenye maksi za juu. Lakini kwao sindano ilikuwa imekwisha toka katika mkono wa mwalimu na kuingia katika mkono wao wenyewe. Tuliyaona hayo miaka mingi, na ndiyo yaliyotufanya tuyasome Maandiko kwa jicho jingine.

Makomamanga ya uzi

Katika kitabu cha Kutoka twasoma kwamba Mungu alimwita Bezaleli wa kabila ya Yuda kwa jina lake, akamjaza roho yake, apate kufanya kazi ya ustadi ya kila namna. Pamoja naye aliitwa Oholiabu wa kabila ya Dani, na huyu atajwa waziwazi kuwa fundi wa taraza, yaani kazi hii hii tuiitayo kutarizi au kudarizi, kwa nyuzi za samawi, za zambarau na nyekundu, katika kitani safi. Hao ni wanaume, na wale wasemao kwamba sindano ni ya wanawake tu na walikumbuke jambo hilo. Lakini wanawake nao wapo, katika sura hiyo hiyo ya 35, wale ambao mioyo yao iliwahimiza, wakasokota nyuzi kwa mikono yao.

Sasa angalieni kile walichoagizwa kushona. Katika sura ya 28 Mungu aagiza joho la kuhani mkuu, na kwenye pindo lake, kuzunguka pande zote, yawekwe makomamanga ya nyuzi za rangi, na katikati yake njuga za dhahabu. Njuga zina kazi yake: zalia, watu wasikie kuhani aingiapo mahali patakatifu na atokapo. Lakini makomamanga yana kazi gani? Hayaliwi, hayalii, hayamfuniki mtu baridi. Yamewekwa kwa utukufu na uzuri, na sura yenyewe yasema hivyo juu ya mavazi hayo yote. Mwenyezi Mungu, aliyeweza kuagiza joho tupu, aliagiza matunda ya uzi. Je, sisi tutasema kwamba amepoteza wakati wa mafundi wake?

Tena liko jambo katika Zaburi ya 139. Mwimbaji asema kwamba Mungu alimuumba kwa siri tumboni mwa mama yake, akaungwa kwa ustadi. Neno la Kiebrania lililotumika pale katika mstari wa 15 latoka katika shina lile lile litumikalo katika Kutoka kwa fundi wa taraza. Maana yake ni kwamba Biblia haioni haya kumwonyesha Mungu akiwa kama mwenye sindano, ameinama juu ya kazi yake, mshono baada ya mshono, na kazi hiyo ni wewe. Basi anayeinama jioni juu ya kitambaa chake na kufurahi, amefanana kidogo na yeye aliyemfanya.

Taraza ya mama yake Sisera

Lakini, ndugu, hatuwezi kuishia hapo, maana Biblia yaijua pia taraza ya namna nyingine. Katika Waamuzi sura ya 5 mama yake Sisera amesimama dirishani akimngoja mwanawe arudi kutoka vitani. Magari yamechelewa. Wanawake wenye hekima walio pamoja naye wamtuliza, wakisema kwamba bila shaka askari wanagawana nyara. Nyara gani? Msichana mmoja au wawili kwa kila mwanamume, na kwa Sisera nguo za rangi, nguo za taraza pande zote mbili. Wasichana na vitambaa katika hesabu moja! Hakuna hata mmoja pale dirishani aliyeuliza ni nani aliyeitarizi nguo ile, wala mkono ule uko wapi sasa.

Nabii Ezekieli, katika sura ya 27, aeleza habari za Tiro, mji wa wafanya biashara uliojengwa katikati ya bahari. Merikebu yake ina tanga la kitani la taraza kutoka Misri. Na chini kidogo, katika mstari wa 13, katika orodha ya bidhaa zake, zimetajwa roho za wanadamu pamoja na vyombo vya shaba. Sisi watu wa Unguja tukiisoma sura hiyo, hatuhitaji mwalimu wa kutufasiria. Tiro ni kisiwa cha biashara, na sisi twakijua kisiwa cha biashara.

Hapa kwetu Kizimbani ni miongoni mwa mahali pa kwanza palipopandwa mikarafuu katika kisiwa hiki, mapema katika karne ya 19. Seyyid Said alikuwa na shamba hapa, na hamamu aliyoijenga bado ipo, wageni huja kuitazama kila siku wanapotembezwa mashamba ya viungo. Wageni hunusa karafuu, hupiga picha, huondoka. Lakini mikono iliyoichuma karafuu ile ya kwanza, ikaichambua na kuianika, ilikuwa mikono ya watumwa. Mikono ile haikuwa na jioni. Haikuwa na saa hata moja ambayo mwenyewe aliweza kusema, "Saa hii ni yangu, nitafanya nipendalo."

Waandishi wa historia waliochunguza mavazi ya Unguja wametueleza kwamba wakati wa utumwa hata nguo zilitengwa. Mtumwa alivaa merikani au kaniki, na mtumwa mwanamume alikwenda kichwa wazi, kwa maana kofia ilikuwa alama ya muungwana. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na siku ya Noeli ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la Kanisa Kuu mahali pale pale. Mwaka 1897 sheria ikaondoa hali ya utumwa, ingawa masuria walingoja mpaka mwaka 1909. Na watu walipokuwa huru walifanya nini? Walifanya mengi, lakini mojawapo ni hili: wanaume walivaa kofia zilizonakshiwa, na wanawake wakaacha kaniki wakavaa kanga zenye pindo na mji na rangi za kuchangamsha macho. Mtu aliyekuwa jana hana ruhusa ya kufunika kichwa chake, leo amevaa vitundu mia vya uzi mweupe. Nani atamwambia kwamba ule ulikuwa upuzi?

Wala tusisahau Mbweni. Misheni ya Vyuo Vikuu ilinunua shamba pale mwaka 1871, na wasichana waliookolewa katika majahazi ya watumwa wakapata shule. Bibi Caroline Thackeray alifika mwaka 1877, akaiongoza shule ile kwa miaka mingi, akaishi Mbweni hadi alipofariki mwaka 1926. Wasichana walifundishwa kusoma na kuandika na kushona, na kutoka kwao walipatikana walimu wa kwanza wa kike wa kanisa letu. Tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini na tuseme kweli yote. Wale ambao hawakuelekea vitabu walipelekwa zaidi kwenye kazi za mikono, kushona na kufua na kupika, na kwao sindano iliendelea kuwa amri ya mwingine. Sindano ni ile ile, uzi ni ule ule. Tofauti ni nani mwenye saa.

Siku waliyopewa watu waliotoka utumwani

Sasa tumefika kwenye jibu. Amri ya kuishika Sabato imeandikwa mara mbili, na kila mara imepewa sababu yake. Katika Kutoka sura ya 20 sababu ni kwamba Mungu aliumba mbingu na nchi kwa siku sita, akastarehe siku ya saba. Lakini katika Kumbukumbu la Torati sura ya 5 sababu ni nyingine: mkumbuke kwamba mlikuwa watumwa katika nchi ya Misri, na Bwana Mungu wenu akawatoa. Kwa hiyo pumzikeni. Mtumwa hawezi kupumzika kwa hiari yake. Ni mtu huru tu awezaye kuweka chini kazi ya faida. Kila saa ya mapumziko, basi, ni ushuhuda kwamba Farao si bwana wetu tena.

Fikirini watu wale waliotengeneza hema ya kukutania. Hema ilisimamishwa siku ya kwanza ya mwaka wa pili, yaani hata mwaka mzima haujatimia tangu kutoka Misri. Mikono iliyotarizi makomamanga ndiyo mikono iliyofyatua matofali. Huko Misri kila tofali lilihesabiwa, na hesabu ikipungua walipigwa. Huku jangwani hakuna aliyehesabu mishono. Watu walileta vitu kwa moyo wa kupenda mpaka Musa akapiga mbiu kambini waache, kwa kuwa vimetosha na kuzidi. Je, umepata kuusikia mradi wa namna hiyo, ambao msimamizi awaomba watu wapunguze?

Tena tazameni mpango wa kitabu. Mara tu Mungu amalizapo kumwita Bezaleli katika sura ya 31, ataja Sabato. Na Musa aanzapo kuwaambia watu habari za kazi hiyo katika sura ya 35, neno lake la kwanza ni Sabato. Kazi ya sindano imewekwa kati ya mapumziko na mapumziko, kama kitambaa katika duara lake.

Kwa hiyo twawajibu akina mama hivi. Ndiyo, yafaa. Saa yako ya kutarizi, baada ya kutimiza wajibu wako, si wizi. Umeipokea kwa Mungu wako, na wengi waliokaa katika ardhi hii kabla yako hawakupewa. Usiifiche chini ya mto. Mtu akikuuliza utauza shilingi ngapi, mwambie kwa upole kwamba hii haiuzwi, na umkaribishe chai.

Hatusemi kwamba kuuza ni dhambi. Yule mke mwema wa Mithali sura ya 31 hufanya nguo za kitani na kuziuza, mstari wa 24 wasema. Lakini mstari wa 22 umetangulia, nao wasema kwamba amejifanyia mwenyewe matandiko ya urembo. Akina mama mnaotarizi stola na vitambaa vya altare mwajua haya: mwaweza kulipwa, na mwaweza kutoa bure, lakini mkono uliojifunza kupenda kazi ndio utoao kazi ya kupendeza katika hali zote mbili. Wala hatumlaumu mwenye mashine. Mashine itatoa maua elfu, lakini haitapumzika ndani ya hata moja.

Nani apika, wewe unapotarizi?

Hata hivyo, ndugu wapendwa, Kumbukumbu la Torati haikumaliza maneno yake na baba na mama wa nyumba. Amri yasema kwamba mtumishi wako wa kiume na wa kike wapumzike vile vile kama wewe. Hapo ndipo sindano ichomapo.

Katika nyumba zetu nyingi yuko binti wa kazi. Pengine ametoka bara, pengine Pemba, pengine ni mtoto wa ndugu yetu aliyeletwa "kusaidia". Huamka kabla yetu na kulala baada yetu. Mama anapokaa barazani saa kumi jioni na kitambaa chake, ni nani anayekuna nazi? Ni nani anayemfuata mtoto mchanga uani? Kama saa yangu ya raha imekatwa kutoka katika usingizi wa msichana wa watu, basi mimi nimesimama dirishani pamoja na mama yake Sisera, nazitazama nguo za taraza, na simwoni msichana. Mungu atuepushe na hayo, hasa sisi tunaomwabudu mahali palipokuwa soko.

Na baba naye asikie. Mume aulizaye, "Hiyo utauza shilingi ngapi?" mara nyingi ametoka kwenye baraza ya kahawa, ambako amecheza bao kwa saa mbili wala hakuuza kete hata moja. Hatusemi bao ni baya. Twasema kwamba raha ambayo mwanamume ameipata bila kuulizwa, ampe na mkewe bila kumwuliza.

Basi twashauri mambo matatu, mepesi kwa kuyasema, mazito kidogo kwa kuyatenda.

La kwanza: kila nyumba ya Mkristo itenge saa moja katika juma ambayo kila mtu aliye chini ya paa hilo, pamoja na binti wa kazi, atafanya jambo alipendalo kwa mikono yake, bila hesabu wala maksi. Anayependa kutarizi atarizi, anayependa kusuka ukili asuke, na anayetaka kukaa kimya tu akae.

La pili: mwenye kuijua kazi amfundishe mmoja asiyeijua, kwa kukaa naye. Msimpe binti sindano mbovu na uzi uliobaki. Mpeni kitambaa kizuri, mwacheni achague ua lake mwenyewe. Ikiwa amechagua kushona njiwa wa rangi ya zambarau, basi na awe njiwa wa zambarau.

La tatu: kazi iliyokwisha isifungiwe sandukuni hata iliwe na nondo. Itandikwe mezani, watoto wale juu yake. Doa la mchuzi halipunguzi utukufu wake.

Wajane wa Yafa

Twamaliza na Dorkasi, ambaye Wayahudi walimwita Tabitha, mwanafunzi wa Yesu aliyekuwa Yafa, mji wa pwani kama wetu. Alipokufa walimlaza chumba cha juu, wakamwita Petro. Petro alipofika, wajane walisimama karibu naye wakilia. Hawakutoa hotuba juu ya marehemu. Walimwonyesha kanzu na nguo alizozishona, na mwandishi aongeza neno dogo ambalo twaweza kulipita upesi: alizishona alipokuwa pamoja nao. Hakuzishona mbali akawapelekea kama sadaka. Walikuwa wote wamekaa, na kazi ikiendelea mkononi. Ndiyo maana wajane wale waliijua kila nguo. Huenda waliikumbuka na siku ilipopigwa pindo, na mazungumzo ya siku ile, na nani alicheka.

Hakuna aliyemwambia Petro nguo zile zilikuwa na thamani ya fedha ngapi. Na Petro akapiga magoti, akaomba, akamwambia mwili ule, "Tabitha, ondoka." Yule mama akafumbua macho, akarudishwa kwa rafiki zake, na bila shaka kwa sindano yake.

Ndugu zetu, sote tutageuzwa siku moja na Fundi aliyetufanya, naye atatazama upande wa nyuma. Hatudhani kwamba atatuuliza tuliuza maua mangapi. Lakini twadhani atauliza kama tuliifurahia saa aliyotupa, na kama tulimgawia mwenzetu.

Na tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, uliyewatoa watu wako utumwani ukawapa siku ya kupumzika, uibariki mikono yetu katika kazi na katika raha. Uwakumbuke wale waliofanya kazi katika visiwa hivi bila ujira na bila jioni, uwape pumziko lako la milele. Utufanye tuwaone waliomo nyumbani mwetu ambao hatukuwaona, tukawape saa kama ulivyotupa sisi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu, aliyevaa kanzu isiyo na mshono, akavuliwa kwa ajili yetu. Amina.